Mbolea Ibaki Shambani: Mwongozo kwa Wanaolima Miteremko ya Kigoma

Mvua za Novemba zikishapiga sawasawa, Mto Luiche haukawii kubadilika rangi. Unashuka bondeni mwekundu na mzito, unapita kando ya Ujiji, na pale unapoingia Ziwa Tanganyika unaona mpaka kabisa: huku bluu, huku rangi ya chai ya maziwa. Ule wekundu ni shamba la mtu. Ndani yake mna samadi aliyoisomba kwa mkokoteni, mna mbolea ya kupandia, DAP, aliyoipangia foleni ya ruzuku, na mna udongo wa juu ambao babu yake aliukuta.

Tufanye hesabu kidogo. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukiondoa juu yake udongo wa unene wa milimita moja tu, umeondoa mita za ujazo nne, uzito wa karibu tani tano. Milimita moja huioni kwa macho. Unakuja kuiona miaka kadhaa baadaye, mahindi yanapokuwa ya njano hata baada ya kuwekewa mfuko mzima, ukaanza kusema mbolea za siku hizi zimechakachuliwa.

Mwongozo huu ni wa kuzuia hilo hatua kwa hatua, kuanzia juu ya shamba kwenda chini. Mpangilio huo nimeuchagua kwa makusudi. Mikutano mingi ya mazingira vijijini huanza na ukingo wa mto: pandeni miti, achieni mita 60. Ni sawa, ila ukingo ndio mlango wa mwisho. Mvua ya milimita 40, ambayo kwetu ni ya kawaida kabisa, inamwaga zaidi ya lita 160,000 kwenye ekari moja. Maji hayo yakifika chini yakiwa yamejikusanya kwenye mkondo mmoja, hakuna ukanda wa majani utakaoyasimamisha.

Kwanza ujue kinachokimbia

Virutubisho viwili ndivyo vinavyotusumbua, na kila kimoja kina njia yake ya kutoroka.

Nitrojeni, iliyojaa kwenye mbolea za kukuzia, Urea na CAN, huyeyuka. Urea ikiachwa juu ya udongo, sehemu yake hupotea hewani kama gesi. Ikishageuka kuwa naitreti haishikwi na udongo, hivyo mvua kubwa huizamisha chini ya mizizi mpaka kwenye maji ya visima na chemchemi, au huiteremsha juu kwa juu. Huwezi kuizuia kwa tuta peke yake. Inazuiwa kwa kipimo, kwa wakati na kwa mizizi iliyo hai ardhini.

Fosforasi, ile ya mbolea za DAP, Minjingu na NPK, ina tabia nyingine. Inang'ang'ania chembe za udongo, hasa udongo mwekundu kama wetu. Kwa hiyo husafiri na tope. Ukizuia tope, fosforasi nyingi umeizuia.

Utawasikia wavuvi wa Kibirizi wakisema mbolea ikiingia ziwani inalisha dagaa, sasa tatizo liko wapi? Swali lina akili. Ni kweli katikati ya ziwa virutubisho ni haba. Lakini chakula cha dagaa na migebuka kinategemea zaidi virutubisho vinavyopandishwa kutoka kilindini na pepo za kusini mashariki kati ya Mei na Septemba. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba ziwa linavyozidi kupata joto, maji ya juu na ya chini yanachanganyika kwa shida zaidi. Upungufu huo hauzibwi na tope la Luiche. Tope linabaki pwani, linafunika mawe na mchanga ambako samaki wengi hutagia na kula, na maji yaliyotulia karibu na vijiji yanaota mwani. Tena ziwa hili lina kina cha mita 1,470 na mto mmoja tu unaotoka, Lukuga, upande wa Kongo. Kinachoingia humo hakitoki leo wala kesho.

Na hili si la walio karibu na ziwa peke yao. Mto Ugalla unakusanya maji ya sehemu kubwa ya Tabora na kuyatia Malagarasi, nao Malagarasi unaingia ziwani upande wa Ilagala. Mkulima wa tumbaku Urambo na mchota maji wa Ilagala wanatumia maji yale yale.

Hatua ya 1: Tembea shambani mvua ikinyesha

Hakuna kifaa kinachoishinda hatua hii. Vaa koti la mvua au jifunike nailoni, chukua jembe, anzia sehemu ya juu kabisa ya shamba. Angalia maji yanaingilia wapi. Mara nyingi hayakuanzia kwako: yanatoka kwenye njia ya ng'ombe, kwenye bati la nyumba ya jirani, au barabara ya kijiji isiyo na mfereji. Yafuate yanavyoshuka. Pale yanapoanza kukata udongo, chomeka kijiti. Pale yanapotoka shambani, chomeka kingine.

Baada ya mvua rudi ukachore. Karatasi ya daftari inatosha: mistari ya maji, vijiti, mto uko upande gani, sehemu yenye mawe. Ramani hiyo ndiyo itakayokuambia uanzie wapi, kwa sababu fedha na nguvu za kufanya kila kitu msimu mmoja huna.

Pima na mteremko. Tafuta kamba ya mita tano. Mmoja ashikilie ncha ya kamba chini kwenye udongo, upande wa juu. Mwingine ashuke na ncha ya pili, aivute mpaka kamba ilale sawa, bila kuinama upande wowote. Sasa tazama kamba imefika wapi kwenye mwili wa aliye chini. Ikigusa goti, mteremko wako ni wa wastani, unashuka kama mita moja kila mita kumi. Ikifika kiunoni ni mkali, mita mbili kwa kumi. Ikifika usoni au kupita kichwa, hapo si mahali pa mahindi na maharage ya kila mwaka, tutakuja kusema pawekwe nini.

Hatua ya 2: Mbolea, kipimo na siku

Huku ndiko kwenye fedha zako moja kwa moja.

Anza na udongo. Chukua sampuli kabla ya msimu: tembea kwa kuzunguka kama nyoka, chimba sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 20, weka udongo kidogo kidogo kwenye ndoo safi. Usitumie mfuko uliokuwa na mbolea, utapata majibu ya mfuko. Changanya, chukua nusu kilo, anika kivulini, upeleke kwa afisa kilimo wa halmashauri umuulize utaratibu wa kupima. Kituo cha taifa cha udongo ni TARI Mlingano, Tanga, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Kwa sehemu zetu za juu, Kasulu, Buhigwe na Kibondo, majibu mara nyingi yatakuambia udongo una tindikali. Hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: kwenye tindikali kali fosforasi hufungwa na udongo na mmea hauioni. Unaongeza DAP, mmea unabaki na njaa, na tope linalokwenda mtoni linakuwa na fosforasi zaidi. Mifuko ya chokaa ya kilimo inaweza kukusaidia kuliko mfuko wa tatu wa DAP.

Kisha kipimo. Wengi tunatumia kizibo cha soda, na ni kipimo kizuri ukikijaribu kwanza. Nenda dukani kwenye mizani, jaza vizibo 100 vya mbolea uliyonunua, pima. DAP iliyosawazishwa mdomoni mwa kizibo huja karibu gramu tano kwa kizibo, Urea ni nyepesi zaidi. Halafu hesabu mashimo. Mahindi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, yanakupa mashimo kama 9,000 kwa ekari. Kizibo kimoja cha gramu tano mara 9,000 ni kilo 45, karibu mfuko mmoja wa kilo 50. Sasa ukiwapa watoto vikombe wamwage kwa kukadiria, unaweza kumaliza mifuko miwili kwenye ekari ile ile na mahindi yasikushukuru.

Mbolea ya kupandia iwekwe ndani ya shimo, ifunikwe kwa udongo kidogo, ndipo mbegu ifuate. Isigusane na mbegu. Mbolea ya kukuzia igawe mara mbili: nusu mahindi yakiwa na wiki tatu hivi, nusu yakifika kwenye magoti au kupita kidogo. Toboa shimo pembeni mwa shina, kwa umbali wa kiganja, upande wa juu wa mteremko, weka, funika. Upande wa juu, kwa sababu maji yakiteremka yanaileta kwenye mzizi badala ya kuihamisha kwa jirani.

Siku ya kuweka ni suala la kutazama mbingu. Udongo uwe na unyevu, usiwe umelowa chepechepe. Mawingu meusi yakiwa yamejikusanya upande wa ziwa na radi inanguruma, acha mfuko ndani. Najua hoja ya upande wa pili: vibarua wameshafika, wamekula uji, watalipwa wakifanya kazi au wasifanye. Wape kazi ya palizi. Mfuko wa Urea una kilo 23 za nitrojeni, na mvua ya saa mbili ikiukuta umemwagwa juu juu haikuachii hesabu nzuri.

Maharage usiyape mbolea ya nitrojeni kama mahindi. Yanajitengenezea yenyewe kwa vinundu vya mizizini. Ukipanda maharage ya Februari au Machi baada ya mahindi, mara nyingi yanatosheka na mabaki yaliyomo.

Tumbaku ina sura yake. NPK 10:18:24 na CAN zinakuja kwa mkopo kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na mkulima hupokea mifuko kwa hesabu ya ekari alizoandikisha, hata kama amelima pungufu. Mifuko iliyozidi isimwagwe tumbakuni ili tu iishe. Na vitalu vya tumbaku, ambavyo huwekwa kando ya vijito kwa ajili ya kumwagilia, visogezwe juu kadiri miguu ya mmwagiliaji inavyoweza kuvumilia, kwa sababu mle mna mbolea na dawa nyingi kwenye eneo dogo.

Hatua ya 3: Usiache ardhi uchi

Agosti na Septemba ukisimama kilimani usiku unaona mioto. Tunachoma kusafisha shamba, na majivu kweli yana virutubisho, lakini majivu ni mepesi na mvua ya kwanza ndiyo inayoyachukua. Mabua yaliyoachwa juu ya ardhi yanafanya kazi mbili: yanavunja nguvu ya tone la mvua na yanapunguza mwendo wa maji.

Yalaze mabua kwa kukata mteremko, mstari baada ya mstari. Usiyalaze kuelekea chini. Kwenye migomba na kahawa weka matandazo mazito, achia nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Kwenye mahindi, chomeka kunde, fiwi au marejea katikati ya mistari baada ya palizi ya pili. Mahindi yakikomaa, mizizi ya kunde bado iko hai na inanyonya naitreti iliyobaki, ambayo vinginevyo mvua za Machi na Aprili zingeizamisha.

Wenye ng'ombe na mbuzi watasema mabua ni malisho. Basi gawaneni: sehemu ya juu ya bua na majani wapewe mifugo, kipande cha chini kibaki. Kosa ni kulisha yote na kisha kuchoma visiki.

Hatua ya 4: Kontua, na fremu ya A

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo penye faida ya muda mrefu zaidi. Kulima kwa kontua, yaani kwa kukata mteremko, ni rahisi kutamka, lakini jicho linadanganya. Tuta unaloliona limelala sawa linaweza kuwa na mteremko wa kutosha kukusanya maji upande mmoja na kupasuka. Kwa hiyo tengeneza fremu ya A. Haikugharimu kitu.

Kata miti miwili iliyonyooka ya mita mbili. Ifunge pamoja juu, itanue chini kama miguu ya mtu aliyesimama imara. Funga mti wa tatu katikati kwa kulala, kimo cha kiuno. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe mwishoni, jiwe lifike chini ya ule mti wa kulala. Jiwe liwe zito, upepo wa mchana usilicheze.

Sasa utafute katikati yake. Isimamishe popote, weka alama ardhini pale miguu miwili ilipokanyaga, na alama kwenye mti wa kulala pale kamba inapopita. Igeuze: mguu wa kulia ukae alama ya kushoto, wa kushoto ukae ya kulia. Kamba itapita mahali pengine, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili kata kwa kisu. Kamba ikisimama kwenye mkato huo, miguu yote miwili iko kimo kimoja.

Anzia juu, ukingoni mwa shamba. Mguu mmoja ubaki, mwingine usogeze juu au chini taratibu mpaka kamba itulie kwenye mkato. Chomeka kigingi kila mguu unapotua. Endelea hadi upande wa pili. Mstari wa vigingi utakuwa na kona kona, simama mbali kidogo uulainishe kwa jicho kwa kusogeza kigingi kimoja kimoja. Mtu na mwanawe wanaweza kupima ekari kwa asubuhi moja.

Umbali kati ya mstari na mstari unategemea kamba yako ya mita tano. Kama iligusa goti, mita 15. Kama ilifika kiunoni, mita saba au nane. Ilipofika usoni, mistari ije kila mita nne na nusu hivi, na katikati yake pawe na mazao ya kudumu: kahawa, michikichi, migomba yenye matandazo, miembe na miparachichi. Jembe la mkono lisirudi hapo kila msimu.

Juu ya mstari wenyewe una uchaguzi. Rahisi kabisa ni majani: mabingobingo, guatemala au vetiva, safu mbili, shina na shina viganja viwili, yakikutana yawe ukuta. Udongo unaoshuka unasimama nyuma yake, na baada ya misimu michache ngazi inajijenga yenyewe. Mabingobingo yana faida ya malisho, vetiva haivamii shamba. Mwenye ng'ombe achague mabingobingo, asiye na ng'ombe vetiva.

Uchaguzi wa pili ni fanya juu: chimba mtaro wa sentimita 60 upana na 60 kina kwenye mstari, udongo urushe upande wa juu, juu ya tuta hilo panda majani. Unahitaji udongo wenye kina. Kwenye ardhi yenye mwamba karibu, usichimbe. Maji yakisimama mtaroni juu ya mwamba, yanaloweka kilima na kinaweza kuporomoka. Hapo panga mawe kwenye mstari, unayo ya kutosha.

Kati ya mistari, matuta ya mazao yafuate mstari ule ule. Wanaolima kwa matuta marefu ya tumbaku au viazi wayafunge kwa vizingiti vidogo vya udongo kila mita mbili au tatu, ili kila kisehemu kishike maji yake.

Hapa Kigoma kazi hii si ngeni kwetu. Mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall ulianza mwaka 1994 kwenye vijiji vinavyozunguka Gombe, kwa miche na kuhifadhi vilima. Ukipita upande huo uliza wenye mashamba ya zamani, watakuonyesha kilichodumu na kilichokufa. Mafunzo ya namna hiyo hayapo kwenye kipeperushi.

Hatua ya 5: Makorongo na njia

Rudi kwenye ramani yako. Pale maji yanapokwisha kukata mfereji, majani peke yake hayatashika. Jenga vizingiti vidogo ndani ya korongo, vya mawe au vya vigingi vilivyosukwa fito. Kizingiti cha chini kiwe na kimo cha kufikia usawa wa mguu wa kile cha juu yake, na katikati yake pawe chini kuliko kando. Usipoacha bonde hilo katikati, maji yatapita pembeni na kukata ukuta mpya. Watu wengi hukosea hapo, kisha wanasema vizingiti havifai. Nyuma ya kila kizingiti panda majani udongo ukianza kujaa.

Njia ya ng'ombe au ya baiskeli inayoshuka moja kwa moja mtoni ni korongo ambalo halijakamilika. Ipindishe ishuke kwa kukatiza, na kila hatua 20 weka tuta dogo la kuyasukuma maji kwenye majani kando.

Hatua ya 6: Ukingo wa mto

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, mwambao wa ziwa au bahari. Hiyo ndiyo sheria, na mwenye shamba hapo ajue inamhusu. Ukiwa na shaka na mpaka wako, ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika iko Kigoma mjini.

Kwa vitendo, ukanda wenye faida una sehemu mbili. Karibu na shamba yawe majani mafupi yaliyobanana, ndiyo yanayochuja tope. Karibu na maji iwe miti ya asili yenye mizizi ya kushika ukingo, kama mikuyu. Mikaratusi usiilete kwenye chemchemi, inakunywa sana. Humo ndani hakuna jembe, hakuna mbolea, hakuna rundo la samadi.

Kuna jambo watu hulisahau: majani ya ukandani yavunwe. Yakinyonya fosforasi kwa miaka na hakuna anayeyakata, yanakauka na kuoza pale pale, na siku moja yanaanza kuirudisha mtoni. Kata, peleka kwa mbuzi, samadi yake irudi juu ya shamba.

Bustani za kiangazi za mchicha na nyanya kando ya vijito ni suala gumu zaidi, kwa sababu ndizo zinazoleta ada ya shule. Zisogezwe juu ya ukanda, mwagilia kwa ndoo au bomba, na samadi iwekwe ndani ya mashimo ya miche badala ya kutawanywa.

Hatua ya 7: Mpunga, mawese na kahawa

Mpunga wa bonde la Luiche uko ndani ya maji tayari. Kabla ya kuweka Urea, punguza maji yabaki vidole viwili au chini ya hapo, weka, kisha ziba njia za kutokea maji ya jaruba kwa siku tano. Kumwaga Urea huku maji yakitiririka kutoka jaruba moja hadi jingine ni kumlimia mwenye jaruba la chini kabisa, na baada yake mto.

Mawese ni mazito zaidi. Maji yanayobaki baada ya kuchemsha na kukamua chikichi yana mafuta na uozo mwingi, yanapooza hunyonya oksijeni ya kijito kuliko maji ya choo. Chimba mashimo mawili yanayofuatana, mbali na kijito na angalau mita 30 kutoka kisima. La kwanza lipoze na kuleta mafuta juu, uyachote kwa ajili ya sabuni. La pili liache litulie, tope lake likikauka ulipeleke chini ya michikichi. Mashada matupu nayo yapange kuzunguka mashina, yana potasiamu nyingi, na mchikichi unaitaka sana. TARI Kihinga, iliyo hapa hapa Kigoma, ndiyo inayoshughulika na utafiti wa michikichi, uliza huko kuhusu mbolea ya miche bora.

Kahawa: maji ya kumenyea yatumike zaidi ya mara moja kisha yaende shimoni. Maganda yachanganywe na samadi, yageuzwe, yarudi shambani yakishaiva.

Samadi ya zizini ihifadhiwe chini ya paa, hata la nyasi, kwenye sehemu iliyoinuka. Ukiona maji meusi yanachuruzika kutoka kwenye rundo, ule weusi ndio mbolea.

Hatua ya 8: Jirani wa juu

Mara nyingi maji yanayokukata hayakuanza kwako. Nenda kabla ya msimu, jioni, usiende siku ambayo mvua imeshakuharibia. "Shikamoo mzee, nimekuja tuangalie yale maji ya njia yako." Nenda na fremu ya A mkononi na mche wa mabingobingo, toa siku moja ya kazi upande wake. Mzee akiona mstari umepimwa mbele ya macho yake, mara nyingi ataumalizia mwenyewe. Ikishindikana, kuna mwenyekiti wa kitongoji na kamati ya mazingira ya kijiji, na sheria ndogo za kijiji zinaweza kusema juu ya njia za mifugo na uchomaji. Lakini kesi ya kijiji inaacha makovu, ianze na shikamoo.

Hatua ya 9: Pima kama kazi inafanya kazi

Chukua chupa mbili za plastiki za lita moja na nusu, zisizo na rangi. Mvua kubwa ikinyesha, jaza moja kwa maji yanayoingia juu ya shamba, nyingine kwa yanayotoka chini. Ziweke kwenye kingo ya dirisha mpaka kesho yake. Tope litalala chini, pima unene wake kwa rula na uandike tarehe. Rudia kwa mvua kubwa kadhaa, kwa sababu mvua moja inaweza kukudanganya.

Pigilia pia vijiti vichache ardhini, kila kimoja kikiwa na alama pale udongo unapofika. Mwisho wa msimu alama ikining'inia juu, udongo umeondoka. Ikifunikwa, umepokea.

Msimu wa kwanza usitegemee chupa ya chini iwe safi, majani yanahitaji kushika mizizi. Msimu wa pili ikiwa bado nzito kuliko ya juu, kabla hujaongeza mtaro mwingine, kagua njia ya ng'ombe na vizingiti vya korongo.